Nilivua glavu huku nahesabu viti: shoo yangu ya kwanza ya burleski, mwandaaji mimi, mchezaji mimi

#1 (mleta uzi)

Wakuu salamu. Humu nimekuwa msomaji wa kimyakimya muda mrefu, leo nimeona nilipe deni, maana wakati naandaa shoo yangu nilitafuta uzi wa namna hii nikaukosa kabisa. Kila anayeandika anaandika kuhusu kucheza, mavazi, mapozi, hakuna anayekwambia ukishakuwa wewe ndo mwenye shoo halafu wewe huyohuyo ndo namba ya sita kwenye orodha (namba ndo tunaita kipande cha mchezaji mmoja jukwaani) inakuwaje. Jibu fupi ni kwamba inakuwa balaa. Jibu refu ndo hili hapa chini, mwenye haraka apite tu simlaumu.

Miaka minne nimecheza burleski, yaani ule mchezo wa jukwaani wa mzaha na kuvua mavazi taratibu, kwenye shoo za watu. Maisha ya mchezaji ni matamu aisee. Unafika, unajipodoa, unaangalia karatasi ukutani wewe ni wa ngapi, unapanda dakika zako nne, unashuka watu wanapiga kelele, unalipwa, unaondoka. Nikawa bingwa wa kulalamika nyuma ya jukwaa, mbona hakuna kioo, mbona malipo yanachelewa, mbona MC kakosea jina langu. Siku moja dada mmoja ambaye ameandaa shoo nyingi kanisikiliza weee, akamaliza kubandika kope zake, akaniambia basi andaa ya kwako. Nikaona ananidharau. Kumbe alikuwa ananionea huruma mapema.

Kwa wageni wa hii kitu, maana najua kuna watakaosema ni kuvua nguo tu: jina lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano burla, yaani mzaha. Lydia Thompson alipotua New York mwaka 1868 na kundi lake la wanawake kutoka Uingereza, kilichowatoa watu povu ni wanawake kupanda jukwaani miguu ikionekana, wanacheza nafasi za wanaume na kuwatania wakubwa wa mji. Kuvua kulikuja kukolea baadaye. Na hata kulipokolea, mchezaji kama Gypsy Rose Lee wa Marekani alitengeneza jina kwa kuchelewesha, anavua glavu moja huku anaongea na watu, na watu wanacheka mpaka wanasahau kwamba hajavua cha maana. Nayasema haya kwa sababu kama hujui kwamba unachouza ni mzaha na kusubirisha, utapanga shoo vibaya. Mimi nilijua kabisa, na bado nilipanga vibaya.

Kosa la kwanza: hesabu. Ukumbi ulikuwa wa viti 80. Nikakaa na kalamu nikapiga hesabu ya tiketi 80, nikatoa ukumbi, nikatoa wachezaji saba, MC, fundi sauti, fundi taa, mpiga picha, mabango, nikaona kuna kinachobaki, nikafurahi nikalala. Hakuna anayepiga bajeti kwa ukumbi uliojaa jamani. Piga kwa nusu. Kama kwa nusu ya viti huwezi kumlipa kila uliyemuahidi, basi punguza wachezaji au tafuta ukumbi mdogo. Ukumbi mdogo uliojaa unapendeza kuliko mkubwa wenye mapengo, hata wachezaji wanacheza tofauti, burleski inakula kelele za watu, bila kelele inakufa palepale.

Kosa la pili ni makubaliano na mwenye ukumbi. Tulikubaliana kwa mdomo tu kwamba tunagawana mlangoni. Sikuuliza tunagawana kabla ya kutoa gharama za fundi wake au baada. Usiku wenyewe ndo nikajua ni baada, na fundi ni wa kwake, na bei ya fundi anaijua yeye. Andikeni. Hata ujumbe wa simu unaosema "nathibitisha tulivyoongea ni hivi na hivi" unatosha kukuokoa.

Sasa siku ya shoo. Nilijipangia mambo mengi mpaka nikajisahau mimi mwenyewe kwamba nina mwili unaotakiwa kupanda jukwaani. Saa nane mchana nipo ukumbini nabeba viti. Saa kumi napokea wachezaji. Saa kumi na moja mchezaji mmoja kanipigia kapotea njia, mwingine kaja na muziki kwenye simu iliyoisha chaji, fundi taa anauliza rangi, mwenye ukumbi anauliza nani anakaa mlangoni, na aliyeahidi kukaa mlangoni kasema anachelewa. Kwa hiyo mlangoni nikakaa mimi. Yaani watu wa kwanza kuingia kwenye shoo yangu walikatiwa tiketi na dada mwenye nusu ya rola za nywele kichwani, kope moja, na sendozi.

Namba yangu ilikuwa ya mwisho kabla ya mapumziko. Nilitoka mlangoni zikiwa zimebaki namba mbili. Mnajua vile vifuniko vya chuchu tunabandika kwa tepu ya pande mbili? Ile tepu haitaki jasho wala mafuta, ngozi inatakiwa iwe kavu kabisa, unaifuta kwa spiriti kwanza. Mimi nilikuwa nimelowa kama mtu aliyetoka kuhama nyumba. Nikabandika cha kushoto kikakaa, cha kulia kikaniangalia kikadondoka. Nikatumia gundi ya kope, ikashika, nikavaa koseti, nikavuta soksi, nikasikia MC anaanza kunitambulisha na mimi glavu zipo mkononi sijavaa.

Nikapanda. Sasa hapa ndo nilipotaka kufika. Namba ile niliitengeneza mpya maalum kwa shoo yangu, nilikuwa nimeifanyia mazoezi mara chache tu kwa sababu muda wote uliliwa na maandalizi. Muziki umeanza, natakiwa nivue glavu ya kulia taratibu kidole kwa kidole huku nimemkazia macho mtu mmoja. Macho yangu yakaenda kwenye viti. Nikaanza kuhesabu. Wakuu sitanii, nilikuwa navua glavu huku nahesabu viti. Safu ya kwanza kumi, ya pili nane, ya tatu... glavu ikagoma kwenye kiganja kwa sababu ya jasho, nikavuta, haiji, nikavuta kwa meno, watu wakacheka wakidhani ndo sehemu ya mchezo, nikageuza kuwa mzaha nikaenda nayo hivohivo. Waliniambia baadaye ile ndo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Mimi sikumbuki kitu kuanzia pale mpaka taa zilipozima. Nakumbuka namba moja tu, 47.

Viti 47 kati ya 80. Wachezaji wote niliwalipa usikuuleule kabla hawajaondoka, kila mtu na bahasha yake yenye jina. Iliyopungua niliongeza kutoka mfukoni kwangu. Mimi sikujilipa.

Nitaendelea, ulizeni.

#2

"Cha kulia kikaniangalia kikadondoka" 😂😂😂 nimecheka peke yangu kwenye basi watu wananigeukia. Endelea mkuu

#3

Pole dada na hongera. Swali langu ni la moja kwa moja, kwa nini ulipanda kabisa? Si ungebaki kuwa mwandaaji tu. Mimi huwa naona mtu akiandaa shoo halafu akajiweka na yeye ndani ni kama kajitafutia jukwaa.

#4 (mleta uzi)

Swali zuri na limenichoma kidogo kwa sababu kuna ukweli. Niliogopa kwamba nisipopanda watu wangu hawatakuja, nusu ya waliokata tiketi walikuwa ni watu wanaonifuata mimi. Ila na wewe umegusa kitu, kuna waandaaji wanajipa namba ya mwisho kabisa kwenye kila shoo yao, tena kwa mavazi makubwa kuliko wageni waliowaalika. Hiyo haipendezi. Namba ya kufunga shoo mpe mtu ambaye jina lake lingeleta watu hata bila wewe. Wewe kaa katikati ukapate muda wa kupumua kabla na baada.

Ila kuacha kabisa hapana. Nilichojifunza ni kwamba kama unaandaa na unacheza, chukua namba yako ya zamani kuliko zote. Ile ambayo hata ukiamshwa usiku wa manane unaicheza. Namba mpya ipeleke kwenye shoo ya mwenzako, ambako kazi yako ni moja tu.

#5

Ngoja na mimi niingie maana mimi sichezi, mimi ni meneja wa jukwaa, shoo za kuimba, za kuigiza, na hizi za burleski nimezifanya nyingi tu. Nimesoma uzi wote natafuta neno moja sijaliona. Meneja wa jukwaa wako alikuwa nani??

#6 (mleta uzi)

Mkuu... hakuwepo. Nilijiambia hiyo kazi naifanya mimi.

#7 (meneja wa jukwaa wa #5)

Nilijua tu. Basi sikieni na wengine mnaotaka kujaribu. Kabla hujamwita hata mchezaji wa kwanza tafuta meneja wa jukwaa, na mlipe. Mtu huyu kuanzia milango inafunguliwa ndo mwenye shoo, sio wewe. Mchezaji akiwa na shida anaenda kwake. Fundi akiwa na swali anaenda kwake. Wewe mwandaaji ukimfuata unauliza "vipi" anakwambia kakae ujipake poda. Kama huwezi kukabidhi usiku mmoja kwa mtu mwingine, basi usipande jukwaani, chagua moja.

Pili, mazoezi ya mafundi. Watu wanadhani ni kucheza namba nzima, hapana muda huo hamna. Tunapita mwanzo na mwisho tu. Unaanzia jukwaani au unaingia? Muziki uanze ukiwa umeshasimama au unaanza tupu halafu unaingia? Mwisho taa zizime kwa mpigo au zififie? Nusu ya aibu za burleski zipo hapo mwishoni, mtu kamaliza, kakaa pozi lake kifua nje, taa hazizimi, anabaki anatabasamu mpaka tabasamu linaisha. Maswali haya unamtumia kila mchezaji wiki moja kabla anajaza, pamoja na faili la muziki. Faili liandikwe namba ya kupanda, jina la jukwaani, jina la kipande. Ukiletewa faili linaitwa "mwisho mpya kweli 2" lirudishe.

Tatu, mpangilio. Usimweke mtu anayemwaga glita (ule unga wa kumetameta) kabla ya mtu anayegaragara chini. Kwanza glita haitoki, itaishi pale kuliko sisi wote, pili kuna anayeteleza. Anayemwaga chochote, maji, manyoya, karatasi, anakaa mwisho kabla ya mapumziko ili kuwe na muda wa kufagia.

#8

Hapo kwenye kugaragara naongezea, mimi ni yule anayeokota nguo. Kwa wasiojua, kwenye burleski kuna mtu wa kupanda baada ya kila namba kukusanya vilivyovuliwa, tunaitwa paka wa jukwaa, ndo jina la kazi sijui nani alianza. Mnatudharau sana. Mchezaji anarusha glavu kwa madaha huko gizani, af anatulaumu kwamba hatujaiona. Tuambieni umevaa vipande vingapi! Mimi siku hizi nawauliza wote nyuma ya jukwaa, wewe unavua vingapi, ananiambia saba, nikirudi na sita najua kuna kimoja kipo chini ya meza ya mtu.

Na kama mtu ana feni za manyoya ya mbuni (zile pepeo za kushika mkononi) msinirushie, ninyosheeni mkononi. Ni mali ya gharama ile na inakatika.

#9 (mleta uzi)

@ #8 nisamehe mimi ni mmoja wao, glavu yangu ya kushoto mpaka leo sijaipata 😭

Na umenikumbusha feni. Nilikuwa na mchezaji mmoja wa feni, zile kubwa za mikono miwili kama alizozipa umaarufu Sally Rand kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933. Mchezo wote wa feni ni kwamba unafunika huku unafungua kule, mtazamaji anabaki anadhani ameona. Sasa unahitaji nafasi, urefu wa mikono yako miwili jumlisha feni zenyewe, na juu hivyohivyo. Jukwaa la ule ukumbi lilikuwa na dari la kugusa kwa mkono na taa zinaning'inia. Mimi nilipima viti, nikapima mlango, dari sikupima. Dada wa watu akacheza namba nzima feni zipo usawa wa kiuno kama anapuliza moto. Alikuwa mstaarabu hakuniambia kitu, lakini uso wake niliuona.

Pimeni jukwaa. Upana, kina, kimo, sakafu inateleza au ina vibanzi, mlango wa kuingilia upo kushoto au kulia, na kuna sehemu ya kubadilishia nguo yenye mlango unaofunga. Watumieni wachezaji hayo mapema, anayeona haimfai atabadilisha namba.

#10

Mi naona mnazunguka tu. Uchi ni uchi.

#11 (mleta uzi)

Mkuu sawa, hulazimishwi kukata tiketi.

Ila nikuchukulie kama kengele, kuna wengine wanasoma. Mawazo kama ya huyu ndugu yana nguvu ya kisheria sehemu nyingi, na sio mambo mapya. New York hiyohiyo mwaka 1937, chini ya meya La Guardia, kumbi za burleski zilinyimwa leseni mpya zikafungwa, hadi neno lenyewe likazuiwa kwenye matangazo. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, muulize mwenye ukumbi leseni yake inaruhusu nini jukwaani, kwa maandishi. Kuna sehemu kifuniko cha chuchu ndo mpaka, kuna sehemu hata hicho hakitoshi, kuna sehemu umri wa wanaoingia unaangaliwa mlangoni. Usije ukajua siku ambayo wachezaji saba wapo njiani. Na muziki vilevile, kupiga muziki wa watu hadharani kuna ada ya haki miliki, kumbi nyingi zinakuwa zimeshalipia ila nyingine hazijalipia, uliza.

#12

Asante kwa uzi. Mimi ni mchezaji mchanga na nimealikwa shoo mbili nikalipwa "kujulikana". Wewe ulipangaje malipo? Na vipi picha, maana mi kazini kwangu hawajui.

#13 (mleta uzi)

Mdogo wangu kujulikana hakununui hata tepu. Mimi niliweka kiwango kimoja kwa wachezaji wote isipokuwa wa kufunga, aliongezewa, na wote walijua hivyo. Kiwango ni cha uhakika, hakitegemei mlango. Hasara ya mlango ni ya mwandaaji, ndo maana ya kuwa mwandaaji. Kama mnataka kugawana mlango ni sawa pia ila iwe wazi tangu mwanzo na mtu aonyeshwe hesabu ya tiketi usiku huohuo.

Picha: hapa nilipatia, acha nijisifu kidogo maana nimejichana vya kutosha. Nilikuwa na mpiga picha mmoja tu. Kila mchezaji alijaza fomu fupi, jina gani litumike, picha ziende wapi, nani hataki uso uonekane. Zikipigwa zinaenda kwa mchezaji kwanza achague, ndo zinatoka. Watazamaji hairuhusiwi kupiga wala kurekodi, na MC alilisema hilo mwanzoni kwa utani mpaka watu wakalishangilia, alisema na mengine, kwamba pigeni kelele, pigeni makofi, ila mkono wako ubaki kwako. MC mzuri mlipe vizuri wakuu. Fundi alipopoteza muziki wa namba ya nne MC wangu alisimama pale dakika sita nzima anachekesha watu bila karatasi, mimi niko mlangoni nimeshika kichwa. Watu wengi waliondoka wakidhani dakika zile sita zilipangwa.

#14

Ile shoo nilikuwepo. Glavu nimeiona kwa macho yangu. Nilidhani ni mchezo kweli 😂 nimekuja kujua leo

#15 (meneja wa jukwaa wa #5)

Mleta uzi, shoo ya pili lini?

#16 (mleta uzi)

Nimeshalipia ukumbi mwingine, viti 50, dari nimepima mara mbili. Wachezaji watano sio saba. Nipo namba ya tatu, na namba yangu ya zamani ya miaka minne. Nimebadilisha vifungo vyote, zipu nimetoa nimeweka kulabu, maana zipu ikikwama imekwama ila kulabu hata ukitetemeka unaivuta inaachia.

Mlangoni kuna mtu, na wa akiba wa yule mtu.

@ #5 angalia meseji zako.

#17 (meneja wa jukwaa wa #5)

Nimeiona. Sharti langu ni moja, milango ikishafunguliwa unanipa simu yako naifungia kwenye begi langu.

#18 (mleta uzi)

Sawa. Ila utakuwa unaniambia wameingia wangapi?

#19 (meneja wa jukwaa wa #5)

Hapana.

#20

@ mleta uzi nimefagia ukumbi mmoja juzi nikakuta glavu nyeusi ya satini ndefu ya mkono wa kushoto nyuma ya spika. Yako ina shanga kwenye kiwiko?

#21 (mleta uzi)

INA SHANGA